Taima ya soketi, plata na oveni ya Sabato: nimetumia vyote, haya ndo maoni yangu

Naanza na jibu kabisa kwa ambao hawana muda wa kusoma yote: kanunue taima ya soketi, kifaa kinachowasha na kuzima umeme kwa saa uliyoipanga, ile ya kizamani yenye duara na vipini vidogo vidogo pembeni. Ya pili, kama nyumba yako ina watu wengi, ni plata, yaani sahani ya umeme ya kuwekea chakula kibaki cha moto, isiyo na swichi ya kuongeza wala kupunguza. Oveni yenye mpangilio wa Sabato iache mpaka uwe na sababu ya kweli, na zile plagi za kisasa zinazoendeshwa na simu usizisogelee kabisa. Nimeandika kwa sababu naona watu wanauliza sana hivi vitu vinafanyaje kazi na kama Mkristo anavihitaji, na wanaojibu wengi hawajawahi hata kuvishika, mmoja anasema ni ujanja wa kukwepa amri, mwingine anasema bila hivyo hujaitunza siku.

Mimi ni Msabato, nimekulia kwenye kufungua Sabato Ijumaa jioni na kuifunga Jumamosi jua likizama. Vifaa hivi nimevijua kupitia mama mmoja niliyefanya naye kazi, Myahudi wa Kiorthodoksi, yaani wa ule mrengo unaoshika sheria za kale kwa ukamilifu, ana watoto kama mimi, na kila Ijumaa mchana sote wawili tulikuwa tunaangalia saa. Tulivyoanza kulinganisha Ijumaa zetu nikaona yeye ana sheria nyingi kuliko mimi lakini anaingia kwenye Sabato ametulia kuliko mimi, ndipo nikataka kujua nyumbani kwake kuna nini. Akanionyesha kimoja kimoja, akanieleza na sababu zake, vingine nikavinunua na vingine nikavitumia kwake nilipoalikwa.

Kipimo changu ni kimoja tu na nitakitumia kwa kila kitu hapa chini. Je, kifaa kinamaliza uamuzi kabla jua halijazama, au kinauleta uamuzi ndani ya siku yenyewe? Maana pumziko halivurugwi na kazi kubwa, hakuna mtu anakwenda kulima Sabato kwa bahati mbaya, linavurugwa na vitu vidogo, niwashe, nizime, nipashe, nani kaacha taa ya bafuni inawaka, chakula kimepoa, simu imelia. Soma Kutoka 16 pale kwenye mana. Siku ya sita waliokota mara mbili, Musa akawaambia waoke na watokose siku hiyohiyo, kilichobaki wakiweke hadi asubuhi, na waliotoka siku ya saba kwenda kuokota hawakukuta kitu. Yaani kazi ya Sabato ilifanyika siku ya sita. Ndo maana sisi Ijumaa tunaiita siku ya maandalio, na kifaa kizuri cha Sabato kwa kweli ni kifaa cha Ijumaa.

Kwa wasiojua kwa nini wenzetu Wayahudi wamefika mpaka kutengeneza vifaa maalum: Mishna, mkusanyo wa sheria uliokamilika karibu mwaka 200, unataja kazi arobaini kasoro moja ambazo hazifanywi Sabato. Kulima, kupanda, kuvuna, kupura, kusaga, kukanda, kuoka, kufuma, kufunga fundo, kuandika herufi mbili, kujenga, kubomoa, kuwasha moto, kuzima moto, kubeba kitu kutoka eneo moja kwenda jingine, na nyinginezo hadi 39. Marabi walizioanisha na kazi za kujenga ile hema ya kukutania, kwa sababu kwenye Kutoka amri ya Sabato imewekwa bega kwa bega na maagizo ya hema, na sura ya 35 mstari wa 3 inataja moto waziwazi, msiwashe moto katika nyumba zenu. Umeme ulipokuja ikabidi waulizane upya. Balbu yenye waya unaowaka mpaka unakuwa mwekundu, wengi waliona huo ni moto tu. Lakini feni je? Rabi Avraham Karelitz, aliyejulikana kama Chazon Ish na aliyefariki 1953, alisema kukamilisha njia ya umeme ni aina ya kujenga. Rabi Shlomo Zalman Auerbach wa Yerusalemu (1910–1995) hakuikubali hoja hiyo, ila bado akashikilia kwamba watu wasiguse swichi kwa sababu ndiyo desturi iliyokwisha kushikwa na wote. Na si Wayahudi wote wako hapo, mrengo wa Conservative huko Marekani ulitoa uamuzi mwaka 1950 wa kuruhusu umeme, na hata kuendesha gari ila liwe la kwenda sinagogi. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "Wayahudi wanasema hivi" muulize Wayahudi gani.

Sasa lile swali la ujanja. Watu wanasema taa inajiwasha yenyewe lakini si ni wewe uliyeipanga, Mungu unamdanganya? Hili swali lina umri wa karibu miaka 2000, lilizungumzwa kabla ya waya wa kwanza wa umeme. Kulikuwa na shule mbili za marabi wa zamani, ya Shamai na ya Hileli. Nyumba ya Shamai walisema usitumbukize sufu kwenye chungu cha rangi Ijumaa isipokuwa rangi ishike kungali mchana, usitege nyavu za wanyama au samaki isipokuwa wanase kungali mchana. Nyumba ya Hileli wakaruhusu, ukianza kungali mchana kazi ikaendelea yenyewe bila mkono wako, wewe umepumzika. Sheria ikafuata Hileli. Na Shamai msimdharau, Talmudi, ule mkusanyo mkubwa wa mijadala ya marabi juu ya Mishna, inaeleza kwamba kwao hata vyombo vya mtu vinatakiwa kupumzika, ni wazo zuri sana ukilitafakari. Wakaraite, Wayahudi wasioipokea Talmudi, kwa karne nyingi walikaa gizani usiku wa Ijumaa kwa sababu hawakutaka moto wowote uwake, hata uliowashwa mapema. Mimi nimekaa na hoja zote na niko upande wa Hileli. Amri inamtaja mtu, mwanawe, mtumishi wake, ng'ombe wake na punda wake na mgeni wake, wote wana miili inayochoka. Taima haichoki. Na kabla ya vifaa hivi taa na moto wa Wayahudi wengi vilishughulikiwa na jirani asiye Myahudi, jambo ambalo sheria yao wenyewe imelizungushia masharti mengi, sasa kati ya kumtegemea mtu aje asumbuke kwa ajili ya pumziko langu na kutega kifaa Ijumaa, kwangu hakuna mjadala.

Haya, taima. Ya kimakanika ina duara la saa 24 na vipini 96, kila kipini dakika 15, nyingine zina 48 vya nusu saa nusu saa. Unabonyeza vipini vya muda unaotaka umeme upite, unazungusha duara mpaka saa iliyopo, unaichomeka ukutani kisha taa yako unaichomeka kwenye taima. Basi. Mama mkwe wangu haelewi simu yake mwenyewe lakini hii anaipanga bila kuniita. Sebuleni nimepanga taa izime saa 4:30 usiku tukienda kulala, na korido iwake alfajiri watoto wasijikwae wakienda chooni. Tangu hapo Ijumaa usiku hakuna anayesimama kutoka mezani kwenda kugusa ukuta, mazungumzo yanaendelea, na taa ikikaribia kuzima watu wanajua muda wa kulala umefika, hata watoto hawabishani na taima kama wanavyobishana na mimi.

Ubaya wake mkubwa ni umeme kukatika. Ukikatika duara linasimama palepale, ukirudi linaendelea kutoka lilipoachia, kwa hiyo likikaa saa mbili bila umeme taa zako zote zitachelewa saa mbili mpaka utakapolirekebisha. Kama unaishi penye umeme wa kukatika-katika chukua ya kidijitali yenye bateri ndani, hiyo inatunza saa, na nyingi zinaweza kupangwa kwa wiki nzima zijue Ijumaa na Jumamosi ni tofauti na Jumanne. Ila vitufe vyake ni vidogo mno na mpangilio wake unachosha, unabonyeza kitufe kimoja mara kibao mpaka ufike siku unayotaka na ukipitiliza unaanza upya. Panga mara moja, piga picha ya mpangilio, usirudi tena. Ya kimakanika pia inaunguruma kidogo, sebuleni huisikii, chumbani kwa mtu mwenye usingizi mwepesi atakulaumu.

Halafu jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Jua halizami saa ileile kila mahali na kila wiki. Ukiwa karibu na ikweta tofauti ni ndogo, unaweza kuiacha taima yako mwaka mzima karibu bila kuigusa, lakini aliyeko London mwezi wa 6 jua linazama kama saa 3:20 usiku na mwezi wa 12 kama saa 9:50 alasiri, huyo lazima airekebishe kila Ijumaa la sivyo atakaa gizani au taa itawaka wakati jua liko juu. Wayahudi desturi yao ni kuwasha mishumaa dakika 18 kabla ya jua kuzama, Yerusalemu ni 40, kwa hiyo yule mwenzangu anahesabu kutoka hapo. Na sisi Wasabato tusijione hili halituhusu. Joseph Bates, yule nahodha mstaafu wa meli aliyeieneza Sabato kwa Waadventista wa mwanzo, alifundisha kuanza saa 12 jioni kamili popote ulipo, akifuata saa za ikweta, na waumini walifanya hivyo miaka kadhaa mpaka 1855 mhubiri wao J. N. Andrews alipochunguza Maandiko na ikakubalika kwamba ni machweo hadi machweo. Mimi napenda sana habari hiyo kwa sababu walikuwa tayari wameshazoea, ila walivyoonyeshwa neno walibadilika.

Kabla hujalipia, soma ampea zilizoandikwa nyuma ya taima. Chukua wati za kifaa chako ugawe kwa volti za umeme wa kwenu. Hita ya wati 2000 kwenye umeme wa volti 230 inavuta karibu ampea 9, taima ya ampea 10 iko ukingoni kabisa na kwa masaa mengi mfululizo itapata moto. Kwenye nchi za volti 120 hita hiyohiyo ingevuta karibu 17, taima nyingi hazifiki huko. Taa, feni, redio hazina shida. Vitu vya kutoa joto nunulia taima yake nzito, usiunganishe na waya wa kurefushia. Kitu kingine, nyingi zina swichi pembeni ya kuwasha moja kwa moja bila kujali vipini, mwenzangu huiziba kwa utepe Ijumaa ili mkono usiende wenyewe, nami nimeiga kwa sababu ya watoto.

Plata. Hiki ndicho kitu ambacho akina mama tutaelewana haraka. Ni bapa la chuma lenye waya wa joto ndani, unalichomeka kabla ya Sabato na linakaa joto moja mpaka ulichomoe, halina kitasa. Kukosa kitasa ndio uzuri wake wote. Kwenye majiko ya zamani Wayahudi walifunika makaa kwa majivu, baadaye wakafunika jiko kwa bati ili moto usionekane na mtu asishawishike kuuchochea, plata imefika mwisho wa njia hiyohiyo, hakuna cha kuchochea. Chakula kinaingia kikiwa kimeshaiva. Kwa Wayahudi wa Kiorthodoksi kuna mambo mengi hapo, chenye mchuzi kikishapoa hakirudishwi, kikavu kilichoiva wana maoni tofauti, muulize rabi wako kama ni wa huko. Kwetu Wasabato kupasha hakuna tatizo, kinachokatazwa ni kupika, kwa hiyo mtu ataniuliza basi plata ya nini si uwashe jiko dakika kumi. Jibu langu ni kwamba dakika kumi hizo ni za mtu fulani. Tunatoka kanisani wote, wote tunakaa, mmoja anaelekea jikoni, anasimama, anakoroga, anaangalia kisiungue, anaosha sufuria iliyoshika chini. Kwenye nyumba nyingi ni mtu yuleyule kila wiki. Kumbukumbu la Torati sura ya 5 inarudia amri kumi na kwenye Sabato inabadilisha sababu, Kutoka 20 ilitaja uumbaji, hapa inasema ulikuwa mtumwa Misri, kwa hiyo mtumishi wako na mjakazi wako wapumzike kama wewe. Kama wewe! Plata imenipa mimi na dada anayenisaidia mlo wa Jumamosi mchana ambao wote tumeukalia kwa pamoja tangu mwanzo hadi mwisho, na kwa hilo tu ningeipa alama zote.

Chakula kinachoipenda ni kile chenye majimaji ya kutosha. Wayahudi wa Ulaya Mashariki wana cholent, nyama, maharage, shayiri na viazi vinavyoanza Ijumaa na kukaa kwenye joto dogo mpaka kesho yake mchana, wenzao Wasefardi, Wayahudi wenye asili ya Hispania, wana hamin, wazo ni lilelile na ladha tofauti. Nimekula cholent nyumbani kwa yule mwenzangu, kizito, kimeiva mpaka maharage yamekubali kabisa, nikaelewa kwamba chakula hicho kilibuniwa kwa ajili ya siku hii na si siku hii iliyolazimishiwa chakula. Vitu vikavu vinaharibika, mikate inakauka pembeni, wali unashika ukiuacha usiku kucha. Funika vizuri, weka sufuria ya chakula kikavu juu ya kifuniko cha sufuria nyingine badala ya moja kwa moja kwenye bati.

Lakini hapa lazima niseme jambo zito. Machi 2015 huko Brooklyn, New York, watoto 7 wa familia moja walifariki usiku wa Sabato kwa moto, na wazima moto walisema ulianzia kwenye sahani ya kupashia chakula iliyoachwa imewashwa. Nyumba ilikuwa na kitambua moshi kimoja tu, nacho kilikuwa chini kwenye besimenti. Mtu yeyote anayekuuzia plata bila kukuuliza kuhusu kitambua moshi anauza nusu ya bidhaa. Kitambua moshi jikoni na kingine karibu na vyumba vya kulala, bateri zijaribiwe Ijumaa. Plata ikae juu ya kitu kisichoungua, mbali na pazia na ukuta wa mbao, isifunikwe kwa taulo nzito, na waya ukianza kubadilika rangi itupe hata kama bado inafanya kazi. Mimi huiunganisha na taima ya ampea kubwa, izime saa 5 usiku na iwake tena asubuhi tukiwa macho, sifurahii joto likiwaka watu wamelala. Na moshi ukitokea zima, chomoa au kimbia na upige simu, Sabato au si Sabato, hilo Wayahudi wenyewe wanalifundisha kwa nguvu kuliko yeyote, kuokoa uhai kunaiweka Sabato pembeni.

Mtungi wa maji ya moto sina mengi. Chukua wa bomba la kugeuza kwa mkono, si wa kubonyeza unaosukuma kwa mota, na ujaze Ijumaa. Unafaa, basi.

Oveni sasa. Kuna kampuni kubwa za majiko zinazoweka mpangilio wa Sabato, na Star-K, shirika la Baltimore, Marekani, linalokagua kama vitu ni kosha, yaani vinakubalika kwa sheria ya Kiyahudi, linathibitisha modeli kwa modeli. Oveni za kisasa nyingi hujizima zikiwaka kwa masaa 12 mfululizo kwa usalama, mpangilio huu unaondoa hilo, unazima taa ya ndani isiwake ukifungua mlango, unanyamazisha milio na kuacha kioo cha namba kisibadilike. Kwa familia ya Kiorthodoksi inayotumia oveni hiyohiyo na siku za sikukuu, ambazo kupika kunaruhusiwa kutoka moto uliopo, ni msaada mkubwa na sina neno. Kwa sisi wengine ni pesa ya kifaa kizima kwa kitu kimoja. Yangu, kampuni siitaji, kitabu chake kina maelezo mafupi mno kuhusu mpangilio huo, unashikilia vitufe viwili kwa pamoja na hakuna pahali pameandikwa sekunde ngapi, na umeme ukikatika ukarudi oveni haiendelei, inabaki imezima na chakula ndani kinapoa. Naelewa ni kwa ajili ya usalama, ila waseme wazi kabla mtu hajanunua! Kwa kipimo changu inashindwa, inaleta wasiwasi Jumamosi asubuhi wa kwenda kuchungulia kama bado ina moto.

Taa yenye kifuniko cha kuzungusha, hiyo nimeipenda kuliko nilivyotarajia. Balbu inawaka muda wote, wewe unazungusha ganda la nje kufunika au kufunua mwanga, umeme haujaguswa. Kwa mtu anayependa kusoma kitandani Ijumaa usiku na mwenzake anataka giza, imeamua ugomvi. Ya friji hauhitaji kununua kitu, legeza balbu ya ndani Ijumaa au ziba ile swichi ya mlangoni kwa utepe.

Lifti ya Sabato niliitumia kwenye hoteli moja, inapanda na kushuka yenyewe ikisimama kila ghorofa na milango inafunguka bila mtu kubonyeza. Israel ilipitisha sheria mwaka 2001 kwamba majengo mapya yenye lifti zaidi ya moja yawe na lifti ya namna hiyo. Si marabi wote wanaikubali, mwaka 2009 Rabi Yosef Shalom Elyashiv na wenzake walitoa uamuzi wa kuikataa, na hoja mojawapo ya wanaoipinga ni kwamba uzito wa abiria wenyewe unabadilisha umeme unaotumika. Kama huduma, ni ya polepole sana, ghorofa za juu unasubiri, lakini niliona wazee na mama mwenye mtoto mchanga waliofika kwenye ibada ambao kwa ngazi wasingefika. Siku hiyo hakuna aliyekuwa na haraka ndani ya lifti, watu walisalimiana kila mlango ulipofunguka.

Plagi za simu ndizo zimenikera. Unaipanga kwa programu, programu inataka intaneti, intaneti ikisumbua plagi inapoteza mpangilio, na unaletewa ujumbe kwenye simu kwamba taa ya sebule imezimwa. Sasa ili taa yangu inipumzishe natakiwa niwe na simu mkononi? Ukishika simu kuangalia taa utaona na ujumbe wa kazini, ukiona ujumbe wa kazini Sabato imekwisha hata kama hujaujibu. Spika za kuongea nazo zilezile, kumwamrisha kifaa siku nzima washa hiki zima kile ni uamuzi uleule, umehama tu kutoka kidoleni kwenda mdomoni. Simu naitumia Ijumaa kuangalia saa ya machweo, nikishapanga taima inaingia kwenye droo, wanaonihitaji kwa dharura wana namba ya simu ya mezani.

Kwa ndugu zangu mnaopumzika Jumapili, vitu hivi havina dini, taima haijui ni siku gani. Tunatofautiana siku na sitaficha msimamo wangu, ila najua mlikotoka. Amri ya Konstantino, mfalme wa Roma, ya mwaka 321 ilifunga mahakama na karakana siku ya Jumapili ikawaacha wakulima waendelee, baadaye Wapuritani, Waprotestanti wakali wa Uingereza, waliitunza Jumapili kwa ukali ambao Wasabato wengi leo hatuufikii, na mkimbiaji Eric Liddell wa Uskoti kwenye Olimpiki ya Paris 1924 aliacha mita 100 kwa sababu mchujo uliangukia Jumapili, akakimbia 400 na kupata dhahabu. Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia linaheshimu siku zote mbili, jambo lililothibitishwa kwenye mtaguso wa Debre Mitmaq mwaka 1450 wakati wa mfalme Zara Yaqob. Anayepumzika Jumapili afanye maandalio yake Jumamosi, taima aipange kuanzia jioni hiyo, plata atajionea.

Mwisho, nimeulizwa na dada mmoja mwenye mgonjwa nyumbani kama mashine ya oksijeni iunganishwe na taima ili asiiguse Sabato. Hapana, kamwe. Mashine ya mgonjwa inakwenda ukutani moja kwa moja, na ikihitaji kuwashwa, kuongezwa au kubadilishwa bateri mara hamsini Sabato hiyo unafanya mara hamsini. Talmudi inasema kwenye kuokoa uhai anayefanya haraka ndiye anayesifiwa, wala haitakiwi kwenda kuomba ruhusa kwanza, na Yesu aliwauliza ni nani kati yao hamfungui ng'ombe au punda wake Sabato akampeleke kunywa maji. Kama nyumbani una vifaa vya aina zote mbili, soketi ya mgonjwa iwekee utepe mwekundu na uwaonyeshe wote, hasa watoto, mtu asije akaichomoa Ijumaa jioni akidhani ni mojawapo ya zile za taima.